Rejeta ya Shaba na Fundi wa Lehemu

Ni machache magari yaliyojipatia katika Afrika Mashariki heshima kama ile iliyopewa Peugeot 404, gari lililotoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na mastadi wa Pininfarina wa Italia, na ambalo baada ya muda mfupi lilikuwa limekwisha kuzoeleka kwa mkuu wa wilaya, kwa daktari wa misheni na kwa dereva wa teksi za safari ndefu. Katika mashindano ya magari ya Safari lilishinda mara nne: mwaka 1963 na 1968 likiwa mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell, waliokuwa wakaazi wa Tanzania. Wazee wanaoikumbuka miaka hiyo husimulia tope la 1963 na lile la 1968, kwa kuwa kila mara katika miaka hiyo miwili yaliyofika mwisho yalikuwa magari 7 tu. Husimulia ushujaa wa madereva, mabonde yaliyofurika, na magari yaliyosukumwa na wanavijiji usiku kucha. Ni nadra mtu kuitaja rejeta, hali kila gari lililofika lilifika kwa sababu maji yake yalibaki mahali yalipotakiwa kuwa.

Magari ya umri huo yangalipo. Yako yanayotunzwa kwa ajili ya maonyesho ya umaridadi yaandaliwayo Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na chama cha wenye Alfa Romeo. Yako yanayokimbizwa katika Safari ya magari ya kale iliyoanza mwaka 2003, miaka 50 baada ya mashindano ya kwanza. Na yako mengi zaidi yasiyojulikana na mtu, yaliyorithiwa kutoka kwa baba au mjomba, yanayotolewa bandani siku ya Jumapili kwa mapenzi na kwa hofu. Hofu hiyo aghalabu ni moja: gari litachemsha. Na likisha kuchemsha mara moja mbele ya watu, mwenyewe hupata washauri wengi kuliko anaowahitaji, na wengi wao humpa shauri lile lile, kwamba aitupe rejeta ya zamani na kuweka mpya ya aluminiamu. Nia yangu katika makala haya ni kuitetea rejeta ya zamani. Ninaamini kwamba rejeta ya shaba iliyotoka kiwandani pamoja na gari yastahili kupimwa, kufunguliwa na kutiwa lehemu kabla ya kuhukumiwa, kwa kuwa walioiunda waliiunda ili ifunguke, na kwa kuwa fundi anayeweza kuifungua ana elimu ambayo ikipotea haitarudishwa kwa fedha.

Injini ya petroli ni tanuri inayofuja. Katika joto lote litokalo ndani ya mafuta yanayoungua, kiasi cha robo tu ndicho kigeuzwacho kuwa mwendo; sehemu kubwa hutoka pamoja na moshi, na yapata theluthi nzima huingia katika chuma cha injini, ambamo lisipoondolewa kwa haraka lingeyeyusha pistoni na kukamatisha mashine yote kwa dakika chache. Katika siku za mwanzo za magari, maji yaliachwa yachemke na kupotea hewani, na dereva akalazimika kusimama kila mara ayaongeze. Aliyelitatua tatizo hilo kwa namna iliyodumu ni Wilhelm Maybach, mhandisi wa Kijerumani, ambaye katika gari la Mercedes la nguvu farasi 35, lililokamilika mwishoni mwa mwaka 1900, aliweka rejeta iliyofanana na sega la nyuki, yenye vijineli 8,070 vya mraba vilivyolehemiwa pamoja, hewa ikipita ndani ya vijineli na maji yakipita katika nafasi nyembamba zilizobaki baina yake. Rejeta za magari ya baada ya vita vya pili zilikuwa nyepesi kutengeneza kuliko hiyo, lakini usuli ni ule ule: tanki la juu, tanki la chini, na katikati moyo wa mirija bapa ya shaba njano inayopita baina ya mapezi membamba ya shaba nyekundu, ambayo kazi yake ni kulitandaza joto mbele ya upepo.

Wahandisi wa zamani hawakuichagua shaba kwa sababu ya urembo. Shaba nyekundu hupitisha joto kwa wepesi unaozidi mara moja na nusu ya ule wa aluminiamu. Haishiki kutu kama chuma. Na, jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa, hukubali lehemu. Lehemu ya risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za sentigredi, ilhali shaba nyekundu haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,080. Katika pengo hilo lililo baina ya joto la lehemu na joto la shaba ndimo ilimo sanaa yote ya fundi rejeta, maana aweza kukitenganisha kiungo na kukiunga tena mara nyingi katika maisha ya gari, bila kukidhuru alichokiunga.

Kabla ya kumfikia fundi huyo, hata hivyo, yafaa tujue adui za rejeta ni nani, na wa kwanza ni mwinuko wa nchi yenyewe. Maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 pale bandarini Mombasa huchemka Nairobi kabla ya kufika nyuzi 95, na juu Timboroa, ambako njia ya reli inapita mahali palipozidi mita 2,700, huchemka kwenye nyuzi 91 hivi. Gari lile lile basi, lenye rejeta ile ile, hujikuta limenyang'anywa akiba yake ya usalama kwa kadiri linavyopanda, na kupanda ndiko kunakoitaabisha injini zaidi. Dawa ya jambo hili imo katika kitu kidogo ambacho wengi hukidharau, nacho ni kifuniko cha rejeta chenye springi. Kila ratili moja ya shinikizo kwa inchi ya mraba ambayo springi hiyo inaizuia huinua kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja na nusu au zaidi kidogo, hata kifuniko cha ratili 7 kikamrudishia mtu wa Nairobi alichonyang'anywa na mlima pamoja na nyongeza juu yake. Mpira wa kifuniko ukikauka au springi ikilegea, gari zima huchemsha kwa sababu ya kitu cha bei ndogo kabisa, na mwenyewe akaambiwa anunue rejeta. Wala asivutwe na tamaa ya kuweka kifuniko cha gari la kisasa chenye ratili 15, kwani tanki la shaba la mwaka 1962 halikukusudiwa kubeba shinikizo hilo, na mishono yake itafumuka.

Adui wa pili ni maji tunayoyamimina wenyewe. Visima vingi vya pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa na katika visiwa vya Unguja na Pemba, vimechimbwa katika mawe ya matumbawe. Maji yake hubeba chokaa, na mara nyingi chumvi, na kila yanapopashwa moto huacha sehemu ya chokaa hiyo ukutani mwa mrija, ukoko mwembamba usiopenda kupitisha joto. Maji ya mito ya bara huleta udongo. Ndani ya injini nako, kutu ya chuma cha silinda huchanika vipande vipande, na vyote hivi hushuka na kutulia mahali maji yanapokwenda polepole, yaani katika sehemu za chini za mirija ya rejeta. Mtu aliyekinga maji ya mvua kwa bati safi na kuyaweka kwa ajili ya gari lake alikuwa na hekima, na hekima hiyo haijapitwa na wakati. Kisha wako wanaotia dawa za barabarani: ute wa yai, pilipili manga iliyosagwa, unga wa bizari. Siwalaumu waliokwama Mikumi jua likizama, kwani vitu hivyo kweli huziba tundu dogo kwa muda na kumfikisha mtu nyumbani. Ila vizibavyo tundu ndivyo hivyo hivyo vizibavyo mirija, na akisha kufika ni wajibu wake kuvitoa vyote siku ile ile.

Sasa gari limechemsha. Fundi mwaminifu hataigusa rejeta mpaka amekwisha kuuliza maswali mengine, na hapa ndipo mwenye gari awezapo kumjua aliye fundi na aliye mfanya biashara. Je, mkanda wa feni umelegea? Je, mpira wa chini haufyonzwi ukabana injini inapokimbia, kwa sababu springi yake ya ndani imeliwa na kutu? Je, majira ya moto hayakuchelewa, kwani cheche zikichelewa joto huongezeka ndani ya silinda na katika njia ya moshi? Je, mapezi ya mbele hayakujaa tope na mbegu za nyasi, ambazo zatolewa kwa maji ya mpira kutoka upande wa injini bila senti moja kutumika? Je, mapovu yapandayo katika shingo ya rejeta si moshi unaopenya kwenye gasketi ya silinda hedi? Hilo la mwisho ni la hatari hasa katika 404, ambayo injini yake imelazwa upande kwa nyuzi 45, silinda zake zikiwa zimezungukwa na maji moja kwa moja, na hedi yake ni ya aluminiamu juu ya chuma: hedi hiyo ikipata joto la kupita kiasi hupinda, na gharama yake ni mara nyingi ya gharama ya rejeta.

Gari hilo lina pia jambo ambalo lilikuwa la kushangaza katika zama zake, yaani feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme, ikae bila kuzunguka maji yakiwa na baridi na ishike kazi yanapopata moto. Kijiti chake cha kaboni kikilika au waya ukikatika, feni hukaa kimya, nalo gari huenda vizuri barabara kuu lakini huchemsha msongamanoni. Nimeona rejeta nzima zikibadilishwa kwa kosa la kijiti hicho. Na ipo desturi nyingine iliyoenea kwetu kila mahali, ya kuitoa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na kizuizi hicho hakina haja. Desturi hii naipinga kwa moyo wote. Injini isiyofika joto lake huunguza mafuta vibaya, hukwangua silinda zake, na humnyima dereva alama ya kwanza ya maradhi, maana mshale hupanda na kushuka bila mpango hata asiweze kuusadiki.

Yote hayo yakiwa salama, rejeta yenyewe na ihojiwe. Injini ikiwa imekwisha kupata moto na kuzimwa, feni imesimama kabisa, kiganja kikipitishwa taratibu juu ya mapezi kitaonyesha mahali palipopoa, na palipopoa ndipo palipoziba. Madoa ya kijani na meupe huonyesha mahali maji yanapotoka kwa siri na kukauka kabla ya kudondoka. Kifuniko kisifunguliwe wakati huo kwa hali yoyote, kwani maji yaliyozuiwa kwa shinikizo yakiachiliwa ghafla hugeuka mvuke na kuruka usoni. Wala injini yenye moto isimiminiwe maji ya baridi. Chuma na aluminiamu havijikunji sawasawa, na ufa utokeao hapo haufungwi na lehemu yoyote.

Rejeta ya gari la zamani hutoka kwa mipira miwili na bolti chache. Fundi huiziba midomo yake, huizamisha katika pipa la maji lililokatwa nusu, kisha huingiza hewa kwa pampu, kwa kadiri ya shinikizo la kifuniko chake na kidogo juu yake, akiangalia mapovu. Povu moja moja lipandalo kwa mstari mwembamba ni tundu la sindano. Mapovu yanayotoka kwa upana chini ya tanki ni mshono uliochoka. Huweka alama, huitoa, huikausha. Ikiwa imeziba, hulipasha moto tanki la juu kuzunguka ukingo wake mpaka lehemu ya zamani ing'ae na kulegea, akaling'oa lote, na hapo midomo ya mirija huonekana kwa safu, mingine wazi na mingine imejaa udongo mwekundu. Sioni kazi nyingine katika gereji inayopendeza macho kama hii, kwa kuwa ugonjwa uliokuwa ukikisiwa kwa muda wa mwezi huwa mbele ya mtu, wa kuhesabika mrija kwa mrija. Moyo huo huchemshwa katika maji yenye soda kali, ambayo huila taka na kuiacha shaba (lakini huila aluminiamu pia, basi hedi ya injini isitiwe humo kamwe), kisha bamba jembamba la chuma hupitishwa katika kila mrija, kutoka juu mpaka chini, kwa mkono mwepesi, maana kuta za mrija ni nyembamba na anayelazimisha huzitoboa.

Ndipo lehemu. Mahali pa kiungo husuguliwa mpaka shaba itoe rangi yake halisi, hupakwa tindikali iliyokwisha kulishwa zinki, na moto huelekezwa kwenye shaba, wala hauelekezwi kwenye lehemu, mpaka shaba yenyewe iwe na joto la kuiyeyusha lehemu inapoguswa. Nayo lehemu, ikiwa kazi ni safi, hukimbia ndani ya kiungo kwa kuvutwa, ikajaza nafasi isiyoonekana kwa macho. Mwanagenzi hurundika lehemu juu ya uchafu, ikakaa juu bila kushika, na mwezi wa pili maji yakatoka tena. Viungo vya jirani hufunikwa matambara mabichi visije vikaachia wakati hiki kinaungwa. Mrija mmoja au miwili iliyooza kabisa huzibwa juu na chini, na rejeta haitaona hasara. Ikiwa ni mingi, hiyo ni habari nyingine. Mwisho tindikali yote huoshwa kwa maji mengi, kwa kuwa iliyosalia itaendelea kula shaba, na rangi nyeusi hupakwa kwa wepesi mno, kwani rangi nzito ni blanketi juu ya kitu kilichoumbwa kutoa joto.

Huko Gerezani, Dar es Salaam, na kando ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kazi hii hufanywa hadharani, na aliye na wasaa huweza kusimama na kuitazama. Nasema hili kwa masikitiko pia, kwa kuwa wengi wa mafundi hao hufanya kazi bila kinga ya pua wala ya macho, juu ya risasi yenye moto na tindikali inayofuka. Risasi huingia mwilini polepole na haitoki upesi, na huwadhuru watoto zaidi ya wakubwa. Anayepeleka rejeta yake huko na aulize kama fundi ana mahali penye hewa ya kupita, na kama mtoto anashika lehemu kwa mikono kisha anakula. Na awe radhi kulipa zaidi kwa fundi anayenawa. Pia vijana walioanza kazi na magari ya miongo hii ya karibuni, ambayo matanki ya rejeta zake ni ya plastiki yaliyobanwa kwa meno juu ya aluminiamu, hawana pa kuipata elimu ya lehemu isipokuwa kwa wazee hao, na kila rejeta ya shaba itupwayo bure ni somo lililopunguzwa.

Insafu inanilazimisha kusema kwamba iko siku ya kubadilisha. Hewa ya bahari hula mapezi, na yanapofikia kumegeka kwa kuguswa na ncha ya kidole, mirija itabaki mitupu bila wa kulitandaza joto lake, na lehemu haina la kufanya. Hapo jambo lililo bora ni kuweka moyo mpya wa shaba baina ya matanki ya zamani, ili bamba la kiwanda, shingo na mahali pa bolti vibaki vilivyokuwa, na gari liendelee kuwa lenyewe. Kwa gari la mashindano, linalopakiwa na kukimbizwa kwa siku nyingi katika vumbi, aluminiamu yenye mirija mipana ni uamuzi wa haki: ni nyepesi, na upana wa mirija hufidia upungufu wa madini yenyewe. Lakini inayopasuka huhitaji kuchomelewa kwa gesi ya arigoni na mtu aliyefundishwa, na mtu huyo hapatikani kila mji, ilhali mwenye kikaango cha moto na kipande cha lehemu bado aweza kupatikana Dodoma, Kisumu au Bujumbura. Mwenye gari la Jumapili hana sababu ya kuubadili urahisi huo.

Rejeta ikisharudi mahali pake, mipira iwe mipya, na thamostati iwepo. Maji yawe ya mvua au yaliyochujwa kwa mvuke, pamoja na dawa ya kuzuia kutu ya aina ya kale inayopatana na shaba na lehemu, kwa kuwa baadhi ya dawa za kisasa zimetengenezwa kwa ajili ya aluminiamu, na wenye magari ya zamani wameonywa mara nyingi wasizitumie. Maji hayo yakichanganywa nusu kwa nusu na glikoli, kiwango chake cha kuchemka hupanda kwa nyuzi 7 au 8 hata kabla ya kifuniko kusaidia. Ila glikoli ni tamu na ni sumu, basi iliyomwagwa isiachwe katika bakuli uani penye watoto, paka na mbuzi. Gari liegeshwe pua juu kidogo, lijazwe polepole kifuniko kikiwa wazi, injini iachwe ipate moto mpaka thamostati ifunguke na hewa iliyonaswa itoke kwa mapovu, kisha lijazwe tena na kufungwa. Kesho yake, injini ikiwa baridi, klipu zote zikazwe upya, na kimo cha maji kitazamwe kila asubuhi kwa juma moja. Ikiwa hakikushuka, dereva aweza kulielekeza gari lake Iringa na kuupanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori, gia ya pili, jicho moja likiwa kwenye mshale.